Mimi ni muuguzi mkunga, najifunza kuendesha podikasti ya mazungumzo ya wazi. Nilipokosea na ninachojifunza (uzi mrefu)

#1 Mleta mada

Habari zenu wadau. Uzi utakua mrefu naomba mnivumilie, nitaandika kwa vipande maana natoka zamu naingia zamu.

Mimi ni muuguzi mkunga, mwaka wa 11 huu nipo kazini, na mingi ya hiyo miaka nimeimalizia wodi ya wazazi. Miezi minane iliyopita nilianzisha podikasti. Lengo lilikua moja tu, watu waongee wazi yale mambo ambayo wakija hospitali wanayasema kwa kunong'ona, au wanayasema wakiwa wameshashika kitasa cha mlango wanataka kutoka. Mimba kutoka. Kuzaa mtoto ambaye hakulia. Kumuogopa mtoto wako mwenyewe siku ya tatu baada ya kujifungua. Mwanaume kujifungia bafuni alie ili mke asimuone. Nilijiamini kabisa, nikajiambia kuongea na watu kuhusu mambo mazito ndo kazi yangu ya kila siku, nitashindwaje.

Kumbe kumhoji mgonjwa na kuongea na mtu ni vitu viwili tofauti, na kile cha kwanza ukikizoea sana kinakuja kukuharibia cha pili. Hilo ndo nataka tuliongelee humu.

Mgeni wangu wa kwanza alikua mama aliyepoteza mimba (ameniruhusu kuandika haya, nimemsomea kabla sijaposti, mengine ameniambia nitoe nimeyatoa). Tumekaa, maiki ipo katikati, mimi mkononi nina karatasi ya maswali 22 nimeyapanga yakapangika. Dakika ya tano hivi akasema, kwa sauti ya chini tu, "na nilikua nimeshamchagulia jina."

Mimi nikauliza, "ilikua wiki ya ngapi?"

Akajibu, wiki ya 19. Alafu akaendelea kunijibu kila nilichouliza, vizuri tu, kwa ufupi, kama mtu aliyekaa mbele ya dawati la wagonjwa wa nje. Damu ilianza lini, ulifika hospitali baada ya masaa mangapi, ulisafishwa, ulipewa dawa gani. Dakika 40 tukamaliza nikamshukuru nikafurahi, nikaona kipindi kimepatikana. Usiku nimevaa hedifoni naanza kuediti, nikafika pale kwenye jina. Nikarudisha. Nikarudisha tena. Baada ya neno "jina" kuna pumzi anavuta, ile ya mtu ambaye hajamaliza, anayetaka kuendelea, na sauti yangu inaingia juu ya hiyo pumzi. Ukiangalia kwenye skrini mawimbi yake yanaanza kupanda kidogo na yangu yanayafunika. Programu yoyote uwe nayo huwezi kurekebisha hapo.

Kile kipindi sikukirusha. Nilimpigia nikamwambia ukweli kwamba mwenye kosa ni mimi na sio yeye.

Sasa nieleweke, "wiki ya ngapi" sio swali baya. Mtu akija anatoka damu usiku, hilo swali ni la kwanza kabisa na linaamua mengi, ukichelewa kuuliza unaweza kumpoteza. Mwili wangu umeshafundishwa hivo, nikisikia maumivu natafuta namba. Wiki, presha, mapigo, kiasi cha damu. Namba inanipa kitu cha kufanya. Ila yule mama siku ile hakuja kutibiwa, alikuja kusema kitu, na mimi nikamkatiza nikamuandikia faili.

Nikaanza kusoma nikagundua tatizo hili watu wameshalipima zamani. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel walichapisha utafiti Marekani, walirekodi mikutano 74 ya madaktari na wagonjwa wakapima mgonjwa anaachiwa kwa muda gani aseme kilichomleta kabla daktari hajamkatiza au kumgeuzia njia. Wastani ulikua sekunde 18. Kati ya hizo 74, waliomaliza kueleza walikua chini ya robo. Na madaktari wale hawakua watu wabaya wala wakali, walikua wanauliza maswali ya maana kama langu. Mimi nilipoenda kupima kwenye rekodi yangu, mahali pengi sikufika hata hizo 18.

Naendelea kesho, ila walio kwenye hii kazi au waliowahi kurekodi, karibuni.

#2 Mdau (daktari)

Mkuu umegusa penyewe. Ila tuwe wakweli, kwenye foleni ya watu 60 ukimwachia kila mtu aongee mpaka amalize utatoka saa ngapi? Sisi hatukatizi kwa kupenda. Na nikiongeza, hata nikiwa nyumbani mke wangu akiniambia kichwa kinamuuma namuuliza upande gani, tangu lini, unaona ukungu. Juzi kaniambia "mimi nataka tu uniambie pole". Kwaiyo hili tatizo sio la maiki, maiki imekuonesha tu.

#3 Mleta mada

Daktari asante, na hiyo ya nyumbani kila mmoja wetu anayo.

Kuhusu foleni, kuna utafiti mwingine wa 1999, wao walipata kama sekunde 23 kabla ya kukatizwa, sio tofauti kubwa na ile ya mwanzo. Ila kilichonishtua ni hiki, walioachiwa wamalize maelezo yao ya mwanzo walitumia kama sekunde 6 tu zaidi ya wale waliokatizwa. Sekunde sita. Sisi tunaogopa tukimwachia mtu ataongea mpaka jua lizame, na ukweli ni kwamba wengi wana sentensi mbili tatu za kwanza zinazowabana kooni, wakishazitoa wanatulia wanakusubiri.

Kwenye podikasti mambo ni tofauti kidogo maana huko sitaki atulie, nataka afike mahali ambapo hajawahi kufika akiwa anaongea. Na hapo ndo nilipokuja kujua ugumu wa kukaa kimya. Watafiti waliwahi kulinganisha lugha kumi za sehemu mbalimbali za dunia, utafiti ulitoka 2009, wakakuta kila mahali watu wakiongea mmoja akimaliza mwingine anadakia haraka, ukichanganya lugha zote wastani ni kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Ndo mwendo wetu binadamu. Sasa wewe kaa sekunde nne mbele ya mtu anayekuangalia, mkono wote unakuwasha useme kitu. Mimi nilikua najaza na "mmh", "ndio", "pole sana", "naelewa", hasa hiyo "naelewa". Kwenye rekodi ya pili nilihesabu "naelewa" 31 kwa dakika 35. Mgeni akisema neno zito mimi "naelewa", yaani kama nampigia muhuri, limepokelewa, lete lingine.

Nimeacha. Sasa mtu akimaliza sentensi naangalia mabega yake. Mabega yakishuka ina maana kamaliza kweli. Yakibaki juu bado kuna kitu, nangoja. Hii sikuisoma popote, nimeitoa leba. Mkunga anajua kungoja, ajabu ni kwamba kule nilikua naweza kukaa masaa nane pembeni ya mama bila kumsukuma na huku nilikua nashindwa sekunde nne.

#4 Mdau (fundi sauti, nimefanya redio)

Uzi mzuri sana huu. Naomba nichangie upande wangu kwa sababu umeongelea ile pumzi na watu wengi wanaopenda kuediti wanaiua bila kujua.

Programu nyingi za kuediti zina kitufe cha kufupisha ukimya chenyewe, ukibonyeza inapita faili zima inakata kila pengo linalozidi nusu sekunde au vile ulivyoiseti. Kwa mhadhara sawa. Kwa mazungumzo kama ya mleta mada USIGUSE. Mgeni wako alinyamaza sekunde tano kabla ya kujibu "hapana", ukikata inakua amejibu haraka haraka, umemsingizia. Hivohivo na kile kifaa cha kufunga sauti ndogo, kinakata pumzi, kwikwi, kumeza mate, mtu anabaki anasikika kama tangazo la benki.

Mengine kwa haraka. Maiki mmoja katikati ya watu wawili ni kosa, kila mtu awe na yake na kila moja irekodiwe kwenye traki yake, ndo maana ulishindwa kumtenganisha mgeni na wewe pale kwenye jina. Umbali kama ngumi moja mpaka shubiri kutoka mdomoni, na maiki ikae pembeni kidogo ya mdomo isitazamane nao, ile hewa ya P na B isiipige. Kama chumba hakijatibiwa kwa sauti tumia maiki aina ya dainamiki, haichukui mwangwi na kelele za mbali kama kondensa. Pazia zito, godoro lililosimamishwa ukutani, kabati la nguo lililo wazi, vyote vinasaidia kuliko maiki ya bei mbaya kwenye chumba kitupu. Rekodi kwa 48 kHz, sauti ikipanda iguse kama -12 dB, usifukuzie taa nyekundu, mtu akilia au akicheka sauti inaruka ghafla na ikishapasuka hairudi. Ukimaliza, kwa faili la stirio lenga -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyoisikia), kwa mono -19, msikilizaji asiwe anahangaika kupandisha na kushusha. Na kabla ya kuanza rekodi sekunde 30 za chumba kitupu, wote mmenyamaza, utakuja kuzihitaji kuziba pale unapokata kitu.

#5 Mleta mada

Fundi Mungu akubariki, hili la maiki mmoja nimelipata kwa uchungu. Sasa hivi nina mbili.

Na zile sekunde 30 za chumba kitupu kuna faida nyingine nimeiona. Wageni wangu wengi wanafika wameshajiandaa, wana hotuba kichwani. Tukikaa zile sekunde 30 kimya, hedifoni masikioni, kila mtu anasikia anavyopumua, hotuba inadondoka. Mgeni mmoja tulipomaliza zile sekunde alisema "sijui kwanini nimetaka kulia na hatujaanza". Tulianzia hapohapo.

#6 Mdau

Samahani mleta mada mimi nina swali linanikera. Wewe ni mtumishi wa afya, unatunza siri za watu. Leo unawaleta kwenye maiki. Huoni kama unavunja kiapo? Na kazini kwako wanasemaje?

#7 Mleta mada

Hili swali ndo lilinikosesha usingizi kuliko yote, ngoja nilijibu kwa kirefu.

Kwanza, simwaliki mtu niliyemhudumia. Hata aombe mwenyewe. Mtu uliyemzalisha hawezi kukukatalia kwa uhuru, anaona ana deni na wewe. Wala sisimulii kisa cha mgonjwa yeyote "bila kutaja jina", maana kutotaja jina hakutoshi. Sheria ya Marekani ya HIPAA ya 1996, pamoja na kanuni zake, kuna mahali inaorodhesha vitambulisho 18 ambavyo lazima uvitoe ndo taarifa ihesabike haimjulishi mtu. Jina ni kimoja tu. Kuna tarehe, kuna eneo dogo analoishi, kuna picha ya uso, na kuna alama ya sauti. Sauti jamani! Ukishamweka mtu kwenye podikasti umeshatoa kitambulisho, hata umuite "Mama X" dadaake akisikia anamjua kabla ya sentensi kuisha. Kwaiyo siku hizi simwambii mgeni "tutaficha utambulisho wako" kwa wepesi. Namwambia, sauti yako inajulikana, nani usingependa akusikie? Anataja. Tunaanzia kwa hao.

Pili ridhaa. Hospitali tumezoea ile karatasi, saini hapa, mama anasaini akiwa na uchungu hajui hata kilichoandikwa. Nilikataa kuileta hiyo tabia huku. Mimi naomba ridhaa mara tatu. Kabla, bila maiki, namwambia kila ninachotaka kugusa na yeye ananiambia pa kutokugusa. Katikati, tukifika pazito namuuliza "hapa tuendelee au tupite?" Na baada, namtumia faili lilivyo aende nalo siku saba, asikilize akiwa peke yake, alafu asikilize tena akiwa na mtu anayemwamini. Ndani ya siku hizo akisema toa natoa, sehemu au lote, simuulizi sababu na simnung'unikii. Baada ya kurusha pia anaweza kuniambia nitoe ila namwambia wazi kabisa, nikishatoa kwangu siwezi kuwafuata waliokwisha kupakua.

Imeshatokea. Baba mmoja tuliongea karibu saa zima, nilichowahi kurekodi sijapata kinachofika pale. Siku ya tano akanipigia, sio yeye aliyekua na shida, ni kwamba alikua amemsimulia mke wake, ugonjwa wa mke, na mke hakuulizwa. Alikua na haki. Mimi ndo nilitakiwa kuliona hilo pale pale kwenye kiti maana nimefundishwa kuliona, mgeni anaridhia ya kwake, hawezi kuridhia ya mwenzake. Nikafuta. Iliniuma, siwezi kuficha, ila tangu hapo mgeni akisema "mume wangu", "mama yangu", "mtoto wangu" naandika pembeni dakika, na tukimaliza tunapitia mmoja mmoja, huyu anajua? huyu yupo hai? huyu mtoto akiwa na miaka 15 akisikia hii atakuchukuliaje?

Kazini niliandika barua kabla sijaanza. Nilipokua kabla ya hapa mwenzangu alirekodi klipu akiwa na sare ya kazi na kitambulisho kinaonekana, alipata matatizo makubwa. Mimi sivai sare, sitaji ninapofanya kazi, sirekodi eneo la kazi, na mwanzo wa kila kipindi nasema haya ni mazungumzo na sio matibabu.

#8 Mdau

Mimi napingana kidogo. Mtu akisikia podikasti ya muuguzi anategemea elimu. Sasa ukikaa kimya tu na kusikiliza, mgeni akisema kitu cha uongo kuhusu dawa unaacha kipite?

#9 Mleta mada

Hapana siachi, na umeuliza vizuri maana nilishakosea pande zote mbili. Kuna kipindi mgeni alisema baada ya mimba kutoka aliambiwa ni kwa sababu alinyanyua ndoo. Mimi nikasimamisha kila kitu nikatoa somo la dakika nne, kwamba mimba nyingi zinazotoka mapema zinatokana na kasoro za kromosomu zinazotokea zenyewe tu, sio ndoo, sio kukasirika. Yote kweli tupu. Ila nilipomaliza mgeni alikua ameshakua mwanafunzi. Alikua anataka kusema nani alimwambia kuhusu ndoo na alivyoishi na hiyo ndoo miaka sita, na hakusema tena.

Sasa hivi nafanya hivi. Sentensi moja pale pale, ya kumtua mzigo, "sio ndoo, na haikua wewe", alafu naongeza, "nani alikwambia?" Somo refu narekodi mwenyewe baadae naliweka mwisho wa kipindi, mazungumzo yakishaisha. Ila kama ni kitu kinachoweza kumdhuru msikilizaji, mfano mtu anasema aliacha dawa za presha ya mimba akapona, hilo siliachi lifike mwisho, nalijibu hapohapo, hata kama mtiririko utakatika.

Na sipimi watu kwa mbali. Wasikilizaji wananiandikia, fulani maarufu ana sonona eti? Mwaka 1964 jarida moja Marekani liliwauliza madaktari wa akili kama mgombea urais Barry Goldwater ana akili timamu, wengi wakajibu na hawajawahi kukaa nae, akalishtaki jarida akashinda, na 1973 chama chao kikaweka kanuni kwamba humtolei maoni ya kitaalamu mtu ambaye hujamchunguza na hajakuruhusu. Mimi sio daktari wa akili ila hiyo kanuni nimeichukua kama ilivyo.

Kuhusu elimu na uwazi kukaa pamoja, mtu ninayemtazama ni Dkt. Ruth Westheimer. Alianza 1980 kwenye redio moja New York, kipindi cha dakika 15 usiku wa manane Jumapili, anajibu maswali ya tendo la ndoa kwa majina halisi ya viungo, bila kuzunguka na bila kumcheka aliyeuliza. Mwaka mmoja tu kikapanuliwa na watu wakawa wanapiga simu. Nilichojifunza kwake ni neno lenyewe. Ukisema "sehemu za siri" mgeni nae atasema "kule". Ukisema uke kwa sauti ya kawaida, sauti ileile unayosemea goti, nae anapumua na kusema uke.

#10 Mdau

Mgeni akianza kuongelea kujiua je? Mimi ni mshauri nasaha natamani kuanzisha kitu kama chako ila hapo ndo naogopa.

#11 Mleta mada

Ndugu yangu uoga wako ni wa haki, usiuondoe. Nikwambie ninachofanya.

Kabla ya kurekodi, bila maiki, nauliza moja kwa moja, umewahi kufikiria kujiua, na sasa hivi? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, sisi wakunga tunauliza, ile fomu ya Edinburgh ya 1987 ya kupima sonona baada ya kujifungua ina maswali 10 na la mwisho ni kuhusu kujidhuru. Akisema sasa hivi, haturekodi. Siku hiyo mimi ni muuguzi, nakaa nae, namuunganisha na huduma, podikasti itasubiri. Na kama ikitokea katikati nikasikia wakati uliopita umegeuka kua wakati uliopo, "nilikua nataka kufa" imekua "nataka kufa", nazima. Nazima kwa mkono, aone taa imezimika.

Kama ni la zamani na anataka kulisema, tunalisema. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa waandishi wa habari, wa kwanza ulitoka 2000 na wa karibuni 2023, usome wote. Kwa kifupi, njia aliyotumia haitajwi wala kuelezewa, mahali hapatajwi, husemi "alifanikiwa" wala "alishindwa", huweki kwenye kichwa cha habari, hutoi sababu moja kama vile mtu alijiua kwa sababu ya deni, na unaweka mahali pa kupata msaada. Mgeni akitaja njia nakata kwenye kuediti na namwambia mapema kwamba nitakata.

Ila mwongozo huo una upande wa pili watu hawausemi. Kuna utafiti wa Austria wa 2010 uliozaa kile wanachokiita athari ya Papageno, jina la mtu kwenye opera ya Mozart ambaye alitaka kujiua akakumbushwa kuna njia nyingine akaacha. Waliona habari za watu waliofikiria kujiua wakapita salama zinaambatana na vifo vichache. Kwaiyo kukaa kimya kabisa sio usalama. Swali ninalolipa muda mrefu kuliko yote ni "ule usiku ulipita vipi?" Na majibu yake ni madogo madogo. Mmoja alisema alibaki kwa sababu alikua amemuahidi mtoto wa jirani kumsuka nywele asubuhi. Tulikaa kwenye hizo nywele dakika saba.

#12 Mdau (daktari)

Mleta mada, na yule mama wa kwanza? Uliishia hapo?

#13 Mleta mada

Hapana. Nilimwambia ukipenda siku yoyote tujaribu tena, nisimsukume. Ikapita miezi mitano. Mwezi uliopita akanitumia meseji, "nipo tayari, ila usije na karatasi."

Sikwenda na karatasi. Maiki mbili, zile sekunde 30, alafu nikasema, "mara ya mwisho uliniambia ulikua umeshamchagulia jina." Nikanyamaza. Ile pumzi nikaisikia tena kwenye hedifoni, ileile. Mkono wangu mmoja nilikua nimeukalia. Baadae kwenye skrini niliona ni sekunde 11, mstari umelala tu.

Akasema jina. Akasema nani walipewa hilo jina kabla kwenye ukoo wao, na kwamba kitambaa cha kitanda cha mtoto alikishona mwenyewe, njano kwa sababu hakujua wa kike au wa kiume, na bado anacho, na mume wake hajui kama bado anacho. Hapo nikaandika dakika pembeni. Sikuuliza wiki.

Siku ya sita alinipigia. Kasikiliza peke yake, kasikiliza na mume wake, kitambaa kimeshatolewa kabatini, hilo limeisha. Anataka kipindi kirushwe, ila jina likatwe. Akasema jina ni la kwao wawili na la mtoto. Alafu akaniomba nisilifute kabisa, nimtunzie nakala yenye jina.

Kwaiyo yapo mafaili mawili. Lililorushwa lina chumba kitupu cha sekunde moja na nusu pale palipokua na jina, nilitumia zile sekunde 30 kupaziba kama fundi alivyosema, ukisikiliza haraka hugundui. La pili nimeliweka kwenye flashi, nikaifunga kwenye bahasha, nimempelekea jana nilipotoka zamu.